Siku Nafula Aliponikaripia Ziwani

Nikiikumbuka siku moja ya likizo ya Agosti, mwanangu, bado nasikia harufu ya matope vidoleni mwangu. Kaa hapa kidogo nikusimulie. Jumamosi nilikuona ukitoka sokoni na mfuko mzima wa peremende, wewe uliyeolewa juzi tu kwenye nyumba yenye watoto, nikasema moyoni, huyu anapita njia niliyopita mimi.

Nilikuwa bibi arusi mpya hapa Navakholo, sijazoea hata njia ya kisimani, na tayari nilikuwa na watoto wawili nisiowazaa. Mama yao Mungu alikuwa amemwita. Baba yao, Wanjala, alikaa mgane kwa muda, kisha akaja kwetu Khayega kunioa. Mdogo wao, Makokha, hakunisumbua. Huyo ukimpa ndizi mmeshakuwa ndugu. Kazi ilikuwa kwa dada yake, Nafula, msichana aliyekaribia kumaliza shule ya msingi, mwenye macho ya kukupima toka utosini hadi kidoleni.

Nafula hakunitukana hata siku moja. Alinifanyia kitu kibaya zaidi: hakusema nami. Nikiwa nimesimama mbele yake, anamgeukia ndugu yake. "Makokha, mwambie chai imechemka." Makokha ananitazama, ananiambia chai imechemka. Nami kwa uchanga wangu nikawa najibu kupitia njia hiyo hiyo. Nyumba nzima tukawa tunaongea kwa mdomo wa mtoto mmoja, na mtoto mwenyewe akanenepa kwa ndizi za pande zote mbili.

Ningelicheka jambo hilo kama si mjomba wao. Ndugu ya marehemu alikuwa ametuma ujumbe kutoka Budalang'i kwamba likizo ikiisha atakuja, na kama Nafula hajatulia, atamchukua akaishi kwao. Wanjala alisema mtoto si mbuzi wa kufungwa kamba, akitaka kwenda aende. Lakini nilimwona akimtazama binti yake akila, mkono wake mwenyewe umesimama na tonge hewani. Niliogopa, mwanangu. Nyumba ambayo mtoto ameihama kwa sababu yako, hata moto wa jikoni unakusuta.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, basi nikaujaza wangu. Nilipika mandazi. Nilinunua rinda la maua soko la Kakamega. Nilichinja hata ingokho yangu, kuku niliyetoka naye kwa mama akiwa anataga, nikampa Nafula paja. Alilila lote, kisha akamwambia Makokha aniambie asante.

Siku hiyo ninayokusimulia nilikuwa natoka jikoni na sahani nyingine ya mandazi. Mama mkwe wangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya, alikuwa amekaa kibarazani akipukuchua mahindi.

"Wewe mtoto wa Khayega, kaa chini," akasema. "Mimi nakuonanga tu. Kila siku unawapa, unawapa. Kwani hawa watoto ni wageni hapa?"

Nikamwambia la, Kukhu, nyumba ni yao.

"Sasa mbona unawalishanga kama wageni? Mtu wa nyumba anaombwanga kitu. Mimi moto ikizima naenda kwa jirani kuomba. Siku sitaenda, atajua nimemchukia. Wewe hujaomba huyu msichana kitu hata moja."

Nikamuuliza, nimwombe nini mtoto asiye na kitu? Kukhu alinitazama vile mtu anavyotazama sufuria iliyoungua, kisha akanyoosha kidole kwenye kona ya jikoni. Pale palikuwa na mwanzi mrefu uliozungushiwa uzi, na ndoana imechomekwa kwenye kipande cha patipati, yaani ndala kuukuu, kilichokuwa boya lake. Marehemu alikuwa mtu wa Budalang'i, na watu wa huko huzaliwa wakijua samaki. Alikuwa amemfundisha binti yake. Tangu azikwe, hakuna aliyeugusa mwanzi ule, nami nilikuwa nikiufagilia pembeni tu, nisijue ni nini.

"Unajuanga kuvua?" Kukhu akaniuliza.

Mimi? Kwetu Khayega samaki nilimjua akiwa sokoni, amekaangwa, hana ubishi na mtu. Kukhu akasema, "Basi," akarudia mahindi yake. Maneno yake yalikuwa yamekwisha.

Nilimkuta Nafula akianua nguo. Nikamwambia yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, "Nafula, sijui kuvua. Naomba unifundishe." Alikunja nguo moja, akakunja ya pili. Kisha akasema, "Makokha, mwambie avae nguo ya kuchafuka."

Ziwa letu unalijua, lile lililo chini ya mashamba ya miwa. Wenye Ziwa Victoria wangeliita dimbwi la ng'ombe, lakini sisi tunaliita ziwa na hatujaomba ruhusa ya mtu. Huko ndiko nilikofundishwa, na kwa mdomo wa Makokha. Mwambie nyungunyungu anavishwa kwenye ndoana, hafungwi kama kuni. Mwambie kivuli chake kinafukuza samaki, arudi nyuma. Mwambie akitaka kuongea, aongee na moyo wake. Nilijichoma kidole gumba. Nilinasa matete. Nilirusha ndoana kwa nguvu zangu zote ikarudi ikanasa rinda langu, na mchunga ng'ombe mmoja ng'ambo ya ziwa akapaza sauti, "Mama, huyo umeshika ni mkubwa, usimwachilie." Makokha alicheka hadi akagaagaa kwenye nyasi. Nafula aligeuka upande, lakini mabega yake niliyaona. Yalikuwa yanacheka.

Jua lilianza kupoa, na Makokha, kwa ndizi zake nyingi, akakimbilia vichakani kujisaidia. Hapo ndipo kile kipande cha patipati kilipozama. Hakikucheza wala kuyumba, kilizama tu, na mwanzi ukapinda mpaka ncha ikagusa maji. Nikavuta, nikavutwa. Miguu ikazama topeni, na mikono ikaanza kuachia.

Nafula akatazama kulia, akatazama kushoto. Mjumbe hayupo.

"Usilegeze," akapiga kelele. "Inua mwanzi. Rudi nyuma. Nyuma, nimesema, kwani huna masikio?"

Mwanangu, nimekaripiwa na wengi, na mama yangu, na walimu, hata na kasisi. Sijawahi kukaripiwa nikafurahi vile. Nilirudi nyuma, yeye akaingia majini, akanikamata kiuno, tukavuta pamoja mpaka tukaanguka chali matopeni, mtu na mwenzake, na katikati yetu akatua kambare mwenye ndevu kama za mzee wa kanisa, yule tunayemwita mumi. Nikanyoosha mkono nimshike. Nafula akaupiga kofi. "Hapana hapo. Hiyo ako na miiba." Akamkamata nyuma ya mapezi, akatoa ndoana kwa vidole viwili, taratibu, vile alivyoonyeshwa na mama yake. Nilimwona akikumbuka. Nikamwachia nafasi akumbuke.

Tulirudi kupitia dukani, ingawa ilikuwepo njia fupi. Mumi tulimtundika kwenye mwanzi ule ule, Nafula mbele, mimi nyuma, Makokha pembeni akitangaza. Waliokuwa kwenye kinu cha posho walitoka na unga usoni kutazama. Yule mchunga ng'ombe alitupisha yeye na ng'ombe zake. Sijawahi kupita mbele ya watu nikiwa mchafu vile, wala nikiwa na maringo vile. Husemwa samaki mkunje angali mbichi, na watu humaanisha watoto. Siku ile aliyekunjwa ni mimi, na nilishukuru.

Tukawa tunaenda ziwani kila jioni iliyofaa. Hatimaye likizo ikaisha, na mjomba akaja. Alikula obusuma, ugali wetu, na samaki, akanawa mikono, akamuuliza Nafula kama mzigo wake uko tayari. Wanjala alikuwa anaangalia sakafu.

"Mjomba, siwezi kwenda," Nafula akasema. "Huyu bado hajajua kutoa ndoana. Nikienda, mumi itamchoma na hakuna mtu wa kumsaidia."

Mjomba alinitazama, akatazama kidole changu kilichofungwa kitambaa, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. "Kama ni hivyo, baki umalize kazi," akasema. Wanjala akatoka nje kuangalia ng'ombe, na ng'ombe wetu siku hiyo aliangaliwa kwa muda mrefu sana.

Kuniita mama kulikuja baadaye, bila sherehe yoyote. "Mama, chumvi iko wapi?" Nikamwonyesha kwa kisu, nikaendelea kukata kitunguu, nikamshukuru Mungu kwamba ni kitunguu.

Sasa Nafula ana watoto wake, anakaa Shirere, na likizo zote wanaletwa hapa. Mwanzi ni mwingine, ziwa ni lile lile. Kutoa ndoana nilijua zamani, hata nikifumba macho ninaweza. Lakini akiwa karibu namnyooshea samaki na kumwambia, nisaidie hapa. Ananiambia, "Mama, wewe hushikangi mafunzo." Huo ndio uongo wangu mmoja, nao nimezeeka nao.

Basi, mwanangu, zile peremende wape, hazina ubaya. Lakini leo ukifika nyumbani, mwombe yule mkubwa akufundishe kitu anachokijua yeye na wewe hukijui. Usijifanye, maana mtoto hunusa uongo, na kujifanya ni ruhusa ya wazee kama mimi. Tafuta usichokijua kweli. Kwa umri wako hutakikosa. Kuuliza si ujinga. Na kwa mtoto aliyepoteza mtu, kuombwa msaada ni kuambiwa kwamba bila yeye nyumba hii ina pengo. Akikucheka, cheka naye. Akikukaripia, rudi nyuma kama ulivyoambiwa, na usilegeze.

Mungu aliyekupa mikono ya kutoa akupe na mikono ya kupokea. Akujalie watoto wa kukuelekeza mchana na kukufunika shuka uzeeni. Nenda kwa amani, na mumi wako awe mkubwa kuliko wangu.