Honda ya Ondiek

Sifuna hakuwa mwoga. Hilo alilijua mwenyewe, alilijua mkewe Dolphine, na walilijua Wakenya wote wa mtaa wa Kyebando waliomwona miaka nenda miaka rudi juu ya pikipiki yake kuukuu ya BMW, ile yenye mitungi ya injini iliyotokeza kushoto na kulia kama masikio ya sufuria. Alitoka Bungoma akafika Kampala mara tu vita vya 1986 vilipotulia, akapata kazi kwenye duka la mabati kule Katwe, na tangu hapo alikuwa amepita barabara ambazo wengine walizikataa hata mchana. Kwa hiyo hofu ilipomjia utu uzimani, tena kwa sababu ya pikipiki, hakujua aiweke wapi.

Ilianza kwa zawadi. Rafiki yake mkubwa alikuwa Ondiek, Mjaluo wa Siaya, mtu mnene mwenye kicheko cha kutikisa meza, aliyeendesha Honda kubwa ya safari. Aliipata kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na kiti kipana, kioo cha kuzuia upepo, redio, masanduku matatu nyuma, na gia ya kurudi kinyumenyume. Wawili hao walikuwa wakitaniana bila kuchoka.

"Hiyo yako ni mashine ya kusagia mahindi," Ondiek angesema.

"Na yako ni sofa," Sifuna angejibu. "Siku moja utasinzia juu yake."

Lakini palipotokea msiba utani uliisha. Mkenya akifia Kampala husafirishwa akazikwe kwao, na hao wawili ndio waliotangulia mbele ya gari la maiti, taa zikiwaka, mpaka mpakani Busia. Hakuna aliyewatuma. Waliona haifai mtu kwenda kwao bila wa kumwongoza.

Kisha akafa Ondiek mwenyewe, si barabarani, bali kitandani kwake, baada ya presha kumpanda. Neno lake kuhusu mali yake lilikuwa moja tu: "Honda apewe Sifuna, aachane na kile kinu." Watu walicheka huku wakilia. Wakati huo BMW ilikuwa imevunjika giaboksi na vipuri vyake havipatikani, imesimama uani kuku wanalalia juu. Matanga yalipokwisha, Awiti, mjane wa Ondiek, alimkabidhi Sifuna ufunguo. Naye akaipeleka BMW yake Katwe kwa wauza vyuma chakavu, akageuka haraka asione wakiipakua.

Kuishi na Honda ilikuwa kama kuhamia nyumba ya mtu mwingine. Uzito wake ulikuwa wa ng'ombe aliyelala. Ikishaanza kuinama, binadamu mmoja hawezi kuizuia. Halafu vitu havikuwa mahali pake. Kwenye BMW, indiketa ya kushoto uliiwasha kwa kidole gumba cha kushoto, ya kulia kwa cha kulia, na kuzima ulizima kwa kuinua kidole gumba cha kulia. Kwenye Honda kazi yote ilikuwa ya mkono wa kushoto. Siku za mwanzo Sifuna alipiga honi kila alipotaka kukata kona, Wandegeya nzima ikamgeukia, na wanafunzi wa chuo wakampungia mkono wakidhani anawasalimu. Alijifunza. Indiketa zilijizima zenyewe kona ikiisha, kwa hiyo la kuzizima hakuliwaza tena.

Basi siku moja, kwenye taa za barabarani za Wandegeya, alipokuwa anakata kulia mbele ya magari yanayoshuka, Honda ilimfia katikati ya barabara.

Haikukohoa wala haikutetemeka. Ilinyamaza tu. Uzito wote ukaja upande wa mguu wake wa kulia, na Sifuna akausimika mguu ule chini kwa nguvu za mtu anayeona kifo. Basi la abiria lilipita karibu hata joto la injini yake likampiga usoni. Kondakta alimtukana kwa Kiganda, matusi ambayo Sifuna aliyaelewa yote. Alipobonyeza kitufe cha kuwasha, Honda iliwaka papo hapo, laini, kana kwamba haikufanya kitu.

Alifika nyumbani, akamwambia Dolphine kwamba amechoka.

Ikarudia. Ilirudia anapokata kuingia Kyebando, ikarudia karibu na Katwe mbele ya lori la mchanga. Barabara iliyonyooka haikuwa na neno. Honda ilikwenda kama maji. Ni kwenye njia panda tu. Alianza kuziogopa njia panda kama mtoto anavyoogopa choo cha nje gizani. Asubuhi, kabla ya kuvaa koti, alipanga njia zenye kona chache, akazunguka mitaa mizima kukwepa taa za Wandegeya, na hata hivyo kijasho chembamba kilimtoka mgongoni kila alipoona mahali ambapo lazima akate.

Alimpelekea Dawudi, fundi wa pikipiki wa Katwe, mtu wa maneno machache na kanzu yenye grisi. Dawudi alikaa nayo kutwa nzima.

"Ssebo, bwana, hii kitu iko sawa," alisema jioni. "Mimi naendesha yeye mpaka Nateete, naingia kona zote, tena narudi. Hapana kufa hata kidogo. Pulagi iko safi, mafuta naingia vizuri."

"Kwangu inakufa, Dawudi."

"Kale, haya, labda yeye hapana kupenda wewe," Dawudi alisema, akacheka.

Sifuna hakucheka. Neno lile lilimwingia mwilini kama baridi, kwa sababu ndilo alilokuwa amelikwepa. Katika safari zao za misiba, yeye na Ondiek waliwahi kuona gari la maiti likizimika njiani bila sababu, pale karibu na Bugiri, walipokuwa wakimpeleka marehemu Owino. Kwa watu wao, jambo hilo likitokea fundi haitwi kwanza. Mtu wa karibu na marehemu hushuka, husogea kwenye jeneza, na kuongea naye: nini kimekuudhi, nani amekukosea, tuache twende. Mke wa Owino aliongea naye, na gari likawaka. Ondiek, aliyekuwa msomi wa hesabu na Mkristo wa kila Jumapili, alivua helmeti yake akasimama wima mpaka mazungumzo yalipokwisha. Baadaye hakulitania jambo lile hata mara moja.

Sasa Sifuna aliiangalia Honda ikiwa imesimama uani kwake, na alimwona Ondiek. Labda alikuwa ameichukua mapema mno. Labda Ondiek alisema vile kwa homa, na sasa amebadili mawazo. Usingizi wake ukaharibika, na chakula kikamshinda.

"Baba Vera, una nini?" Dolphine aliuliza. "Kama pikipiki inakutisha, iuze."

"Huwezi kuuza zawadi ya marehemu."

"Basi iache hapo kuku walalie, kama ile nyingine."

Angeiacha. Alishaamua kuiacha. Lakini Awiti akampigia simu.

Awiti alikuwa na mgahawa mdogo Wandegeya, akiwapikia wanafunzi posho, ugali wa huko, na samaki. Mwaka ulikuwa unatimia tangu Ondiek azikwe, na kule Siaya ukoo ulikuwa umepanga sala ya kumbukumbu. Kila Desemba Ondiek alimbeba mkewe mpaka nyumbani kwa Honda ile, watoto wakifuata kwa basi.

"Shemeji," Awiti alisema, "sitaki kwenda kwa basi. Nataka kuingia boma lake vile alivyokuwa ananiingiza. Wewe utanibeba."

Sifuna alifungua mdomo kusema hapana. Angemwambia nini? Kwamba mume wake anataka kumuua rafiki yake njia panda? Mjane wa watu, mama wa watoto watatu, amejishikiza mwaka mzima kwa ile safari moja. Akasema, "Sawa, shemeji," kisha akakaa chini kwenye ngazi. Hofu ya kufa yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuizoea. Hii ya kumuua Awiti ilikuwa hofu nyingine, ilimkalia kifuani kama gunia.

Asubuhi ya safari Awiti alitoka mgahawani amevaa koti la Ondiek, limempwaya mpaka magotini, na helmeti yake ya zamani. Wapishi wake walipiga vigelegele. Alipanda nyuma kwa ustadi wa mtu aliyepanda mara nyingi, akaegemea sanduku, akaweka mkono mmoja begani kwa Sifuna.

"Twende, shemeji. Mbona unatetemeka?"

"Baridi," Sifuna alisema, na jua lilikuwa limeshachoma lami.

Hapakuwa na njia ya kukwepa taa za Wandegeya. Mgahawa ulikuwa hatua chache tu kutoka hapo. Taa ilikuwa nyekundu. Sifuna alisimama, akasali kwa Kibukusu, lugha ya kwao, akamwomba Mungu, kisha akamwomba Ondiek pia, kwa sauti ya ndani: si leo, tafadhali, leo nimembeba wako. Taa ikawa ya kijani. Aliwasha indiketa, akaanza kukata kulia polepole.

Honda ikanyamaza.

Lori la mchanga lilikuwa linashuka kutoka mbele, honi ikilia mfululizo, matairi yakipiga kelele. Sifuna alisimika miguu yote miwili. Honda iliinama, ikaendelea kuinama, nyonga ya Sifuna ikalia, na alipiga ukelele ambao hakujua kama ni jina la Mungu au la nani. Mkono wa Awiti ulimkaza bega. Lori lilipinda, likawapita kwa upana wa mkono, vumbi la mchanga likawamwagikia. Polisi wa barabarani pamoja na wanafunzi wawili walikuja mbio, wakawasukuma mpaka pembeni.

Hapo Sifuna alishindwa. Alivua helmeti, akakaa ukingoni mwa mtaro, akamwambia Awiti yote: mahali ilipomfia, alivyosema Dawudi, na safari ile ya Owino.

"Ondiek ananikataa, shemeji. Niliogopa kukuambia. Ningekuua sasa hivi."

Awiti alishuka kwenye pikipiki, akavua helmeti, akaweka kiganja chake juu ya tangi. Aliongea kwa Kijaluo kwanza, muda mrefu, sauti ikipanda na kushuka, huku magari yakipita na watu wakisimama kutazama. Alimgombeza mumewe, hilo Sifuna alilijua hata bila kuelewa maneno. Kisha akahamia Kiswahili, ili naye asikie.

"Ondiek, huyu ni Sifuna. Wewe ndiye uliyesema apewe. Sasa unamtisha kwa nini? Kama una hasira, ni mimi uniambie. Mwaka mzima nimekaa kimya, na wewe umekaa kimya. Kumbe upo? Basi tuongee, halafu umwache atupeleke nyumbani."

Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini uso ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo Sifuna hakuwa ameiona tangu matanga. Alipomaliza aliyafuta kwa mkono wa koti.

"Panda. Tupite hapo hapo tena."

Sifuna alipanda kwa sababu alimwogopa Awiti kuliko lori. Waliingia tena kwenye foleni, taa ikafunguka, akakata. Safari hii Awiti hakuegemea sanduku. Alikuwa ameinama mbele, kichwa juu ya bega lake, akiangalia mikono ya Sifuna. Honda ilizimika.

"Kidole," Awiti alisema sikioni mwake.

Honda ilikuwa bado na mwendo, ikateleza ikawafikisha ukingoni.

"Kidole gani?"

"Hiki." Alikigusa kidole gumba cha kulia cha Sifuna. "Umekiinua ukagonga swichi hiyo nyekundu, ya kuzimia injini. Mzee wangu alikuwa anasema imelegea: ukiigusa tu inazima, ukiiachia inarudi. Yeye hakuwa anapitisha kidole hapo. Wewe unatafuta nini hapo?"

Sifuna alikitazama kidole chake. Alikiinua, taratibu, akahisi jinsi kilivyokwenda chenyewe, kama mtu anayerudi nyumbani kwa njia anayoijua. Indiketa. Kilikuwa kinaizima indiketa ya BMW, kila kona, BMW ambayo ilikuwa imeshakatwakatwa Katwe. Akawasha injini, akainua kidole tena, ikazima.

Aliangua kicheko. Alicheka hata akapiga tangi, uzito wote wa miezi ile ukimtoka. "Ni mimi, shemeji! Ni kidole changu tu! Ondiek hana habari kabisa!"

Kicheko chake kilidumu kidogo kabla hajagundua kwamba anacheka peke yake. Kwenye kioo cha pembeni alimwona Awiti ameketi ndani ya lile koti kubwa, na ule mchangamko umeondoka usoni mwake wote.

"Kumbe hayupo," Awiti alisema.

Sifuna alinyoosha kidole kwenye kitufe cha kuwasha ili waondoke, maana safari ilikuwa ndefu na jua lilikuwa linapanda, lakini Awiti alimshika kifundo cha mkono.

"Usiwashe kwanza, shemeji," alisema. "Nilikuwa sijamaliza kuongea naye."