Mama wa Kuazima

Mwezi uliopita nilishuka Kilosa mjini nikiwa na kimfuko kimoja na goti moja zima. Lile jingine lilibaki viwanjani zamani. Hata reli sijavuka, kijana mmoja nisiyemjua akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shikamoo mzee. Pole sana kwa kufiwa na mama." Mdomo ukajibu wenyewe: "Marahaba, nimeshapoa." Halafu nikasimama pale nikijilaani, maana marehemu hakuwa mama yangu. Alikuwa jirani yetu.

Kaa vizuri, rafiki yangu, nikueleze. Ila usinikatize, mimi nikikatizwa nakuwa mkali, na leo sitaki ukali kabla chai haijaisha.

Sisi tulitoka ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, vita vilipoanza. Baba alirudi nyuma kufungulia mbuzi, hatukumwona tena. Wakimbizi wote walitakiwa kukaa kwenye kambi yao kule kusini, wapate chakula na kuandikwa, lakini mama hakuipenda ile kambi. Alikuwa na kaka yake anayekata mkonge huku Kilosa, upande wa Msowero. Akanishika mkono tukaondoka bila kibali cha mtu yeyote, tukipanda malori na kutembea, hadi tukamfikia mjomba. Hivyo ndivyo tulivyoanza kuishi nchi hii kwa kujibanza.

Kambi ya mkonge! Watu wanaizungumzia kama jela, nami sibishi, lakini ndiyo utoto wangu. Asubuhi kipande cha reli kinagongwa, wanaume wanatoka na visu vyao, na mashine ya kukamua majani inaanza kulia mpaka unahisi meno yanatikisika. Maji yake machafu yalinuka vibaya sana. Leo hii ningeyasikia ningekaa chini nivute ile harufu. Nyuzi za katani zilianikwa kwenye waya, nyeupe, mistari na mistari, nasi watoto tunapita katikati tukichapwa usoni na unyevu wake. Mama alitwanga makopa ya muhogo, ugali wake mweusi, mtamu kwa mlenda. Majirani wa pale walikuwa wakiziba pua. "Mnakula matope nyie," walisema. Sisi tulikula.

Mpira wangu wa kwanza aliufuma mama mwenyewe. Alisokota mabaki ya katani, akayafunga kwa matambara, akaushona kwa uzi uleule. Ulikuwa mgumu, na ukilowa unakuwa mzito kama boga. Nilicheza katikati ya mistari ya mkonge, ambako ukikosea chenga moja unapokewa na mwiba. Mwiba mmoja uliingia kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, ukaoza, nikakaa miezi nikipigia kushoto tu. Kilipopona, mguu wa kushoto ulikuwa umeshajifunza kila kitu. Watoto wenzangu walikuwa wakinizomea nikikimbia pembeni: "Mkimbizi, kimbia! Mkimbizi, kimbia!" Nami, mjinga mimi, nilikuwa nakimbia kweli.

Mjomba akafa kwa kifua, akazikwa kwenye makaburi ya kambi, nyuma ya mistari ya mwisho ya mkonge. Kazi nazo zikapungua. Ndipo sote wa kambini tukahamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa sambamba kama za askari, na nyumba iliyogusana na yetu ilikuwa ya mwanamke mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, rika langu. Huyo ndiye jirani ninayemsema. Mwanzoni alikuwa mwema. Yeye na mama waliazimana chumvi, ungo, hata moto. Masika ya kwanza pale kijijini homa ikampata yule mtoto wake, siku tatu tu, akafa. Sahani yake mama yake hakuiosha. Aliifunika kwa kawa akaiweka juu ya kabati.

Sasa njoo kwa mwalimu. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa mtu wa milimani, mwenye sauti kubwa na filimbi shingoni. Yalikuwa yanakaribia mashindano ya shule za wilaya na hakuwa na winga wa kushoto. Nilikuwa nasoma pale kwa huruma yake tu, jina langu halimo kwenye daftari. Na ili mtoto aende mashindanoni ilitakiwa barua ya balozi wa nyumba kumi, inayosema huyu ni mtoto wa fulani, mwananchi wa kijiji hiki. Mwalimu akaketi uani kwetu, akawaita mama na jirani pamoja. Akasema jina la yule marehemu bado limo daftarini, hajalifuta. Tulikuwa rika moja, kimo kimoja. Kwa nini lipotee?

 Jirani akasema, bila kumtazama mama: "Jina nitatoa. Lakini mwanangu hakuwa na mama wawili. Akicheza kwa jina hilo, huyu mama yake asionekane uwanjani. Na mbele za watu ataniita mimi mama."

Mama yangu alikuwa akichambua mboga. Aliendelea kuchambua. "Sawa dada," akasema. "Mchukue." Nilimchukia siku ile, nakwambia kweli. Ilinichukua miaka kuelewa alichokuwa akininunulia: mtoto mwenye jina kwenye karatasi ya serikali hakuna atakayekuja kumfukuza. Mwalimu naye alinivuta kando akaninyooshea kidole: "Neno hili likitoka mdomoni mwako, wewe na mama yako mtarudishwa Ruvuma mkiwa mmefungwa kamba. Umenisikia?" Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilimsikia mpaka nikajikojolea.

Siku chache baadaye tukaambiwa bwana mmoja wa wilayani atapita kuhakiki watoto. Kiswahili cha mama kilikuwa na lafudhi ya Kimakua ambayo hata kiziwi angeijua, kwa hiyo mwalimu akampa sentensi moja tu ya kusema. Asubuhi nzima mama aliifanyia mazoezi kwenye kinu. Mchi unashuka: "Sina mtoto." Mchi unapanda: "Mungu hakunijalia." Nilikuwa nimeketi kizingitini namsikiliza, na sikumwomba aache.

Bwana yule alipokuja nilikuwa nimekaa kwa jirani, nimevaa shati la marehemu, nakula kwenye ile sahani yake. Iliteremshwa kwa ajili yangu. Mama alileta maji ya kunawa kwa vile ni jirani mwema. Bwana akanawa, akamtazama, akauliza kwa ukunjufu tu, "Na wewe mama, una watoto wangapi?"

"Sina mtoto. Mungu hakunijalia."

Alilitamka vizuri kuliko neno lolote alilowahi kutamka kwa Kiswahili. Bwana akampa pole. Mama akapokea pole yake, akachukua ndoo, akatoka. Nami nikageuka nikasema, "Mama, niongeze mboga," nikimwambia yule mwingine. Hakuna aliyenifundisha hilo la mboga. Lilikuwa langu mwenyewe.

Basi nikacheza. Tulishinda kata, tukashinda wilaya, na kila nilipofunga uwanja mzima ulilipigia kelele jina la mtoto aliyelala udongoni. Jina lenyewe sitakutajia, limeshachoka. Jirani alikaa mbele, khanga kiunoni, akipiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja. Alinipenda yule mwanamke, usidhani hakunipenda. Alinikaangia samaki wa mto Mkondoa, akanipulizia vidonda. Ndiyo maana hasira yangu mpaka leo haina pa kukaa.

Mama alikuwa nyumbani. Kiwanja hakikuwa mbali, alisikia makelele. Nikirudi nilikuta maji ya moto yenye chumvi tayari kwenye beseni, anaikanda miguu yangu, na mle ndani, mlango umefungwa, ananiita kwa jina langu lenyewe kwa kunong'ona.

"Wamepiga kelele mara tatu. Umefunga matatu?"

"Mawili, mama. Moja kipa alianguka chali watu wakacheka."

"Aa. Nami nikafurahi bure." Anacheka peke yake. "Kula basi, mpira haujazi tumbo."

Hakuwahi kuniona nikicheza. Hata mara moja.

Nilipofika miaka kumi na saba, timu ya shirika moja la umma lililokuwa na karakana Mikumi ikanichukua. Siku zile hakuna aliyekuambia unalipwa kwa kucheza mpira, lakini niliandikwa fundi msaidizi na spana sikuwahi kuishika. Nilipewa chumba, viatu vya ngozi, mkate na mayai asubuhi. Mazoezi tulimaliza kabla jua halijazama kwa sababu tembo walipenda kukatiza pale golini. Kwenye fomu ya kazi kulikuwa na mstari wa jina la mama. Nikaujaza jina la jirani, tena kwa mwandiko mzuri. Mechi kubwa zikiwapo, lori lilileta mashabiki kutoka kijijini, na jirani alipewa kiti jukwaani karibu na meneja wetu, kwa heshima ya mama wa winga.

Jumamosi moja ya mechi ya kombe lori lilifika asubuhi. Jirani akashuka, mwalimu akashuka, wakaenda kunywa chai na meneja bila kunitazama usoni. Dereva ndiye aliyenivuta nyuma ya gurudumu. "Yule jirani yenu Mmakua amefariki alfajiri ya leo. Wanazika baada ya adhuhuri. Alisema azikwe kule kambini, kwa kaka yake. Lori linarudi kuchukua watu wengine sasa hivi, ukitaka panda."

Nilikimbia kwa meneja. Jirani alikuwa pale, kikombe mkononi. Nikamwambia meneja, "Naomba ruhusa. Jirani yangu amefariki."

"Jirani?" akasema meneja. "Jirani ni jirani, bwana. Angekuwa mama ningekupa hata gari. Mechi saa kumi."

Angekuwa mama. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikamtazama jirani, akainamia kikombe. Nikamtazama mwalimu, akanitazama vilevile kama ile siku ya kidole. Nikaona kamba, nikaona Ruvuma, nikaona na viatu vyangu vya ngozi, usinifanye malaika, viatu pia niliviona. Nikasema, "Sawa, bosi." Lori likaondoka. Saa kumi nikacheza, na nilifunga, kwa kushoto, kutoka pembeni kabisa. Walinibeba mabegani. Wakati wananibeba, watu wengine walikuwa wameshamaliza kumfukia mama yangu.

Ndiyo hayo. Nilicheza miaka kumi na mmoja, goti likaenda, nikahamia Morogoro, sikurudi tena kule kijijini. Mpaka simu ya mwezi uliopita: mama yako amefariki, njoo uzike.

Makaburini tulikuwa wanaume wengi. Kaburi tayari, jeneza limetuliwa, na mmoja akasema kama desturi yetu Waislamu ilivyo: "Mwanawe ashuke ampokee." Watu wakanipisha. Rafiki yangu, mwanamke hupokewa kaburini na mtu wa damu yake. Nikasimama kwenye ukingo miguu haisogei. Uongo wa mwalimu nimeubeba duniani kote, lakini kuingia nao mle ndani nilishindwa. Mwalimu alikuwepo, mzee sana sasa, amekuja kumzika mtu wake wa zamani, ameegemea fimbo. Nikamwinamia sikioni. "Siwezi kushuka. Mwambie imamu mimi si mwanawe."

"Anajua," akasema mwalimu.

"Anajua nini?"

"Wote wanajua. Kijiji kizima kilijua tangu siku ya kwanza, mtoto yule si walimzika wao? Nani angekusema, na wewe unawafungia mabao?"

Nikamuuliza, sauti yangu mwenyewe siitambui, "Na meneja?"

"Nilimwambia mimi, mwaka ule ule ulipoajiriwa. Hata siku ile ya msiba wa mama yako, asubuhi kabla hujaja, aliniuliza, je, akisema ni mama yake? Nikamwambia hatasema." Akanigusa bega kwa ule mkono ulioninyooshea kidole zamani. "Shuka, mwanangu. Hana mwingine, na jua linapanda."

Nilishuka. Ungefanyaje? Nilimpokea, mwepesi kama furushi la katani kavu, nikamlaza ubavu wa kulia, nikamfungulia kamba za sanda kama walivyonielekeza kutoka juu. Nilifanya kila kitu taratibu na vizuri. Nililia sana, na wale juu wakasema kweli alimpenda mama yake.

Alasiri nikaenda peke yangu kule kambini. Hakuna kambi. Mashine wameshaiuza chuma chakavu, mistari ya mkonge imeng'olewa, na palipokuwa na makaburi ya akina mjomba pamelimwa mahindi mpaka barabarani, yameshafika kiunoni. Nilizunguka mle ndani nikipapasa ardhi kwa kiatu, natafuta jiwe, tuta, chochote. Mwanamke mmoja niliyemwona msibani, sasa akipalilia, akainuka, akajishika mgongo.

"Shikamoo mzee. Umepoteza nini?"

"Marahaba. Namtafuta mama."

Akanitazama kwa huruma, kama wanavyotazamwa watu ambao msiba umewachanganya. "Pole, baba. Si ndiye mliyemzika leo asubuhi?"

Hapakuwa na mwalimu pale, wala meneja, wala kamba ya mtu. Tulikuwa wawili tu na mahindi.

"Ndiye," nikamwambia.