Fundi Anayepima kwa Macho

Fundi cherehani huyu ana mbwembwe! Simama tu mlangoni, atakutazama juu mpaka chini na kukutajia kifua na kiuno chako. "Futi ya nini? Jicho langu halikosei," hutamba, na wateja hucheka. Joto liwe kali vipi, shati lake ni la mikono mirefu, vifungo vyote vimefungwa. Kitambaa cheusi hukikwepa, eti kinamuumiza macho. Kabla ya kukata hupangusa meza kwa brashi, akikata hupangusa tena, na mteja akisogea karibu huvuta mkono wa shati ushuke zaidi. Chini yake ngozi imekakamaa kwa magamba meupe ya miaka mingi. Hayaambukizi, lakini nani atamsikiliza? Mteja mmoja aliwahi kuyaona, akachukua kitambaa chake na kwaheri hakuaga.

Leo kaja mama mmoja, kitambaa cheusi tii begani. "Mwanangu anaoa, fundi. Mambo ya macho sitaki, nipime!" Akainua mikono kama amekamatwa na polisi. Fundi akatafuta mzaha, akaukosa. Alipomzungushia futi, mkono wa shati ukapanda, na vigamba viwili vikaangukia kile kitambaa cheusi. Mama akavitazama. Kisha akavipuliza kama vumbi la chaki.

"Haya, ngapi?"

 Fundi futi anayo mkononi, lakini muda wote alikuwa anausoma uso wa mama.

"Samahani, mama. Inua tena."