Tone Lililoanguka Kutoka Mnarani

Abner Omwenga alifundisha fizikia katika shule ya harambee karibu na Kebirigo. Mwaka 1971 dada yake, Drusilla, aliwasha jiko la mafuta ya taa ili apike chai ya mchana. Mafuta yale yalikuwa yamechanganywa na petroli. Moto ulimrukia usoni. Aliishi siku tisa hospitalini. Aliyeyachanganya hajajulikana hadi leo.

Baada ya mazishi Abner akawa anasoma habari za moto tu. Katika jarida moja kuukuu alikuta maelezo ya wataalamu waliodondosha sanduku lenye tone la mafuta linalowaka. Kitu kinapoanguka, uzito wake ni kama umetoweka. Hewa ya moto haipandi, na mwali hukosa juu na chini. Abner alitaka kuuona mwali huo.

Alitengeneza sanduku la mbao, akaweka ndani waya mwembamba wa kushikilia tone. Jayshree, mwenye studio ya picha mjini Kisii, alimwazima kamera ya kuweka ndani ya sanduku hilo.

"Itavunjika, Mwalimu," Jayshree alisema.

"Nitaizungushia blanketi, mama."

Alipanda mnara wa tangi la maji la shule, akawasha tone, akafunga sanduku, akaliachia liangukie rundo la majani ya migomba. Kamba iliyofungwa mnarani ilifyatua kamera. Mara sita tone lilizimika au lilidondoka kutoka kwenye waya. Mara ya saba aliteleza, akaanguka pamoja na sanduku, akavunjika nyonga.

Filamu ilipona. Jayshree aliisafisha na kumletea picha wodini: katikati ya weusi, duara dogo jeupe kama punje ya mtama.

Mama yake Abner, Nyamoita, aliishika. "Hiki ni nini?"

"Moto, Mama. Ukiwa unaanguka, hauna njia ya kupanda."

"Wa Drusilla ulipanda."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa hiyo umevunjika ukitafuta moto mpole." Akailaza picha kifudifudi kitandani.

Abner alilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Alirudi shuleni akitembea kwa mkongojo. Mnarani hakupanda tena. Siku za soko alikaa kando ya barabara na kisahani na kiberiti, akiwaonyesha wanawake: "Weka tone moja la mafuta hapa, mbali na chupa. Sogeza kiberiti. Yakishika papo hapo, yana petroli; usiyatie katika jiko wala taa." Baadhi walishukuru. Wenye maduka waliouza mafuta hayo walimtukana, na siku moja mtu alikipiga teke kisahani chake kikavunjika.

Mwaka 1974 jiko la mafuta ya taa lilimuunguza mama mmoja wa Masimba pamoja na mtoto wake mchanga, wakafa. Abner alikwenda kuwazika, akasimama nyuma kabisa. Hakuna aliyemfahamu, naye hakumwambia mtu yeyote alichokuwa akifundisha sokoni.

Soko lililofuata hakutokea. Lile la baada yake alitokea, na kisahani kipya.