Bosi Aliyemsindikiza Baba Yake Mdogo

Majina ya wote ninaowasema hapa ninayo kichwani, pamoja na ya wake zao na ya watoto waliozaa nje. Siyaandiki kwa sababu wenyewe wako hai, wana simu, na binti yangu ameniomba.

Nilikuwa nakaa kwa binti yangu huyo Cedar Hill, kusini mwa Dallas. Yeye nesi, mumewe mtu wa ofisini. Kifungua mimba wao, mjukuu wangu, ni mwanamume mwenye ndevu aliyezaliwa na ulemavu wa akili. Anaongea kidogo na polepole, lakini anachokitaka anakijua. Mwaka ule wa 2018 alitaka kitu kimoja tu: kujifunza kuogelea, kwenye bwawa la umma kule Mansfield. Kila asubuhi alikuja mezani na taulo begani.

Miaka yote kampuni fulani ndiyo iliyokuwa ikimletea wasaidizi, leo huyu, kesho yule, kila mmoja akiuliza upya choo kiko wapi. Ndipo mratibu wa huduma, mama mmoja Mmarekani mwenye sauti ya upole, akaja kutueleza mpango mwingine. Serikali inalipa, lakini anayechagua msaidizi, hata akiwa ndugu, anayempangia kazi na hata kumwachisha ni mwenye ulemavu mwenyewe. Familia inamsaidia tu.

"Mama, anasema mwajiri atakuwa yeye," binti yangu akanitafsiria.

Nikamtazama mwajiri. Shati nilikuwa nimemchagulia mimi, vifungo nimemfunga mimi, na chai yake nimeipuliza mimi ipoe, wakati mikono anayo miwili na mdomo anao. Nikasema haya, nchi za watu zina mambo.

Habari zikaingia kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Watu ambao hawakuwahi hata kuuliza mtoto anaendeleaje wakaanza kumpenda kwa haraka ya ajabu, wakimtumia picha za maua na za usiku mwema. Kazi akaipata mdogo wake mkwe wangu, mkazi wa Stafford, jirani na Houston, aliyekuwa na biashara ya magari iliyokwisha kulala. Mwajiri aliulizwa mbele ya watu kama anampenda baba yake mdogo. Akasema anampenda. Wakapiga makofi. Usaili ukaishia hapo.

Sasa tazama tulivyojifunga. Kwa mjukuu wangu yule ni baba, na nani huwa anamtuma baba yake? Kwa binti yangu ni shemeji. Kwangu mimi ni mkwe, na mimi kwetu na mkwe hatutazamani machoni, sembuse kukaripiana. Tuliajiri mtu ambaye nyumba nzima hakukuwa na wa kumwambia inuka.

Akaja na sanduku kubwa la mtu anayehamia. Nikawa naamka mapema kumpikia vitumbua, kwa kuwa mkwe hali mkate wa dukani. Paja la kuku likawa lake, na kile kiti cha sebuleni kinacholala ukikiegemea, nacho pia. Akishashiba anamshukuru Mungu, anachukua ufunguo wa gari, na bosi wake anamfuata nyuma na taulo.

Walikuwa wanakwenda kwenye viwanja vya magari yaliyotumika. Yeye anapiga matairi mateke na kubishana bei, mjukuu wangu kakalishwa kwenye benchi na soda. Wakirudi jioni anatueleza: leo maji yalikuwa ya baridi. Kesho yake jua lilikuwa kali mno. Siku nyingine watoto walijaa, wangemchafulia maji. Kwenye harusi ya watu wetu nilimsikia akijitambulisha kuwa ni mkurugenzi wa huduma. Taulo likawa linarudi kavu, nami naliosha hivyo hivyo, mkwe asije akadhani nampeleleza.

Mratibu akarudi kutukagua. Akamgeukia mjukuu wangu akamuuliza kuogelea kunaendaje. Baba mdogo akajibu kwamba kunaendelea vizuri sana. Baba mtu akaongezea kwamba kijana amebadilika. Binti yangu naye akasema kitu. Hata mimi, nisiyejua Kiingereza, nilitikisa kichwa kukubali. Yule mama akatusubiri mpaka tukamaliza, kisha akasema alikuwa amemuuliza yeye.

Mjukuu wangu akafikiri. Akanitazama mimi, akasema kwa Kiswahili, "Bibi, sijaingia maji."

Binti yangu alichelewa kutafsiri mpaka mratibu akamkazia macho. Alipotafsiri, yule mama hakukasirika. Alimweleza mjukuu wangu, taratibu kama mtu anayeonyesha njia, kwamba yeye ndiye mwenye kazi, na akitaka inaweza kuisha. Wanaume wakakohoa. Mgeni alipoondoka, mkwe wangu, baba mtu, akamwambia kijana mambo ya Wazungu ayaache hukohuko, mtoto hamfukuzi baba, suala litajadiliwa na ukoo. Kwetu jambo likipelekwa kwenye ukoo, basi limezikwa.

Mjukuu wangu hakulipeleka. Asubuhi, baba mdogo akiwa kwenye kitumbua cha nne au cha tano, tukasikia magurudumu ya sanduku yakikwaruza sakafu. Mjukuu wangu alikuwa amempangia vizuri, hata chanuo hakusahau. Akasimama mbele ya kiti kile.

"Baba mdogo, asante kwa kuja. Kazi imeisha. Nakusindikiza."

Hilo hakufundishwa na Mmarekani. Miaka yote ameniona nikibeba mizigo ya wageni mpaka barabarani, na wengine, Mungu anisamehe, niliwabebea kabla hawajaaga. Baba mdogo akacheka, akanitazama nimkanye mtoto. Mimi na mkwe hatuongei. Nikaingia jikoni, nikavifunga vitumbua vilivyobaki kwenye karatasi ya foili, nikaja nikaviweka juu ya sanduku. Safari ya Houston ni ndefu.

Kikao kikafanyika kwa simu. Mzee mmoja wa huko Houston alizungumza sana juu ya heshima na radhi, huku akitafuna. Akataka kijana aombe msamaha, amrudishe baba yake kazini. Simu ikawekwa mezani mbele yake.

"Shikamoo, babu," mjukuu wangu akasema. "Nataka kuogelea."

Akabonyeza kitufe chekundu. Walipiga tena, hakuna aliyepokea. Binti yangu alikuwa amekwisha kuiweka simu chini ya mto na kuikalia.

Wiki iliyofuata akaja kuomba kazi bwana mmoja Mrundi aliyekuwa akifanya kazi ghalani, Kiswahili chake cha kambi ya wakimbizi Kigoma. Nilikuwa nimepika pilau la usaili, na mkwe wangu ameandaa maswali juu ya ukoo, dini na tabia. Kabla hajakaribishwa kiti, bosi akamtangulia baba yake kuuliza.

"Unajua kuogelea?"

"Nimekulia kando ya ziwa, kaka."

"Twende."

Wakatoka. Mkwe wangu akabaki na maswali yake na mimi na sufuria langu, tukala, kila mtu akitazama sahani yake.