Mstari wa Pili wa Mchakamchaka

Siku yangu ya kwanza kazini, wodi ya watoto huko Mbeya, Matroni hakunionyesha hata pa kuweka mkoba. Alinishikisha mkono wa mtoto aliyelala, akaniambia nihesabu mapigo ya moyo dakika nzima. Nilipotaka kuhesabu nusu dakika kisha nizidishe mara mbili, alinikata jicho.

"Ukiruka nusu, ugonjwa unaweza kuwa umejificha kwenye hiyo nusu," alisema.

Nilimwogopa kuliko daktari yeyote, na mpaka leo namshukuru.

Baadaye nilihamishiwa Iringa, chini ya Daktari wa Watoto, mtu mpole mwenye mwandiko wa kutisha. Ndipo akaletwa Vumilia, binti wa darasa la nne kutoka Kilolo, amebebwa mgongoni na baba yake, mkulima wa viazi. Alikuwa ametoka kuumwa mafua. Sasa alikuwa anatapika, tumbo linamuuma, anahema. Kijijini walikuwa wameshamtibu kichomi. Nilimshika mkono nikahesabu: mapigo yalikimbia, yakaruka, yakasita, yakakimbia tena. Nikamwita Daktari.

Alimpima umeme wa moyo, akamgeukia baba. "Misuli ya moyo imevimba. Virusi vya mafua mara nyingine hufika mpaka huko. Msuli ukivimba, umeme unaouendesha moyo unapotea njia."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa namlisha uji, macho yakamgeuka. Kwenye skrini ya kupimia moyo mistari ilikuwa imevurugika kabisa. Daktari alimstua kwa mashine ya umeme, mwili ule mdogo ukaruka kitandani, kijiko cha uji bado kiko mkononi mwangu. Moyo ulirudi. Jioni Vumilia aliuliza nani amekula uji wake.

Alikaa kwetu mpaka akaanza kuimba wodini. Shuleni kwao ndiye aliyeongoza nyimbo za mchakamchaka, zile mbio za asubuhi kabla ya masomo, na alitufundisha zote. Siku ya kuruhusiwa, Daktari alimwambia baba kwamba mtoto asikimbie kwa miezi sita, hata akionekana mzima, kwa sababu uvimbe huacha makovu, na moyo ukichochewa na mbio, umeme wake unaweza kupotea tena. Baba aliitikia. Mwalimu naye alikubali binti asimame mlingotini aimbe, wenzake wakimbie kuzunguka uwanja.

Siku ya kliniki baba alikuja peke yake.

"Kamwene, Sista," alinisalimia.

Nilimwitikia, nikamwuliza mtoto yuko wapi.

"Mlisema nisikose tarehe," alisema. "Nimekuja. Mtoto tumemzika."

Nilikaa kwenye benchi la wagonjwa. Alinieleza polepole. Binti alikuwa anakula, anacheka, anachota maji. Wenzake walimwita mvivu, akamlilia baba yake, naye akaona kweli amepona. Baba alikwenda mwenyewe kumwomba mwalimu amwachie akimbie. Asubuhi ile Vumilia alikimbia mbele akiongoza wimbo. Watoto waliitikia mstari wa kwanza, wakangoja wa pili, haukuja.

Nilipandwa na hasira, nisijue nimkasirikie nani. Mzee wa watu alitutii mpaka macho yake yalipomwonyesha mtoto mzima. Ni mzazi gani angeona vingine? Tangu hapo sikumruhusu mgonjwa wa aina ile kwa kumtajia mzazi miezi tu. Nilimkalisha nikamsimulia habari ya Vumilia, na wengi walilia kabla sijamaliza.

Sasa nimestaafu, naishi jirani na shule ya msingi hapa Iringa. Vijana wanaosomea uuguzi huniuliza kama mtu huzoea vifo. Vingi nilivizoea, kile kimenishinda. Kila asubuhi mchakamchaka ukipita nyuma ya nyumba yangu, naacha nilichokuwa nafanya. Mtoto mmoja anaimba, wote wanaitikia. Kisha kinakuja kile kimya kifupi cha kuvuta pumzi, nami nimesimama na kiberiti mkononi. Mstari wa pili ukija, ndipo nawasha jiko.