Uduvi Aliyebaki Bila Jina

Habari za kifo chake nilizipata sokoni Mbinga, kwa mama mmoja anayepandisha usipa mkavu, dagaa wa kwetu, kutoka ziwani kila wiki. Alikuwa ananipimia, akasema bila kuinua kichwa, "Yule Bwana Samaki wetu tumemzika Jumanne." Nikamuuliza yupi, ingawa nilijua. "Yule wa wadudu," akajibu, akaendelea kupima. Nilisahau kuchukua usipa wangu. Marehemu alikuwa ofisa wa uvuvi katika kituo kidogo kusini mwa Mbamba Bay, na jina hilo la wadudu lilimkera maisha yake yote, kwa sababu viumbe aliowapenda hawakuwa wadudu.

Nilimfahamu nikiwa karani wa chama cha ushirika, miaka ile tulipokuwa bado tunaamini kwamba kahawa ya Wamatengo itanunuliwa na ushirika mpaka mwisho wa dunia. Niliteremka kwake kwa shughuli za kiofisi, nikamkuta ameinamia hadubini, na pembeni pana sahani yenye maji na vitu vinavyorukaruka, vyeupe, vidogo kuliko ukucha wangu. Nikasema, "Shikamoo. Wadudu gani hao?" Akaitikia marahaba, kisha akanikalisha kama mwanafunzi wa darasa la nne. "Karani, mdudu ana miguu mingapi?" Nikasema sita. "Haya, hesabu huyu." Nikaweka jicho. Nilikuta miguu kumi ya kutembelea, na nyuma yake, chini ya tumbo, mingine mifupi ya kuogelea. Jozi mbili za mbele zilikuwa na magando, na kwenye ncha za magando palikuwa na vishungi vya nywele kama brashi, ambavyo mnyama yule alikuwa anafagilia uchafu kwenye jani na kuupeleka mdomoni, gando hili likishuka lile likipanda. Mbele ya macho ilichomoza pembe iliyochongwa meno kama msumeno. "Huyu ni uduvi," akasema. "Ndugu zake ni kamba wa baharini, na kaa ni binamu yao. Ukimwita mdudu umemtukana yeye na ukoo wake." Halafu akanitajia ukoo wenyewe, faila, ngeli, oda, familia, jenasi, kwa mfululizo ule ambao kwetu mzee hutaja babu zake mbele ya washenga. Alipofika kwenye spishi akanyamaza.

Hapo ndipo palipokuwa na shughuli yake yote. Uduvi wa ziwa letu ana jina kwenye vitabu, lakini marehemu alishikilia kwamba wale wa ghuba yake, wanaoishi kwenye majani ya chini ya mawe, ni wengine. Msumeno wao ulikuwa na meno upande wa juu tu, chini mtupu. Majike walibeba mayai machache makubwa tumboni, si mengi madogo kama wenzao wa fukwe za mchanga. Alikuwa amewachora miaka mingi, mguu kwa mguu, kwa kalamu ya risasi aliyoichonga kwa wembe. Alichotaka ni chuo kikuu kikubali kwamba ni spishi mpya. Hakutaka spishi hiyo ipewe jina lake. Alisema kiumbe asiye na jina hata akifa hakuna wa kupigiwa simu.

Nilipopata safari ya semina Dar es Salaam, akanikabidhi chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, imejaa uduvi ndani ya spiriti, pamoja na michoro kwenye bahasha ya kaki. Spiriti ile ilikuwa ya mwisho kituoni, kwani serikali ilikwisha acha kuleta. Akanisisitizia mara tatu chupa isilale. Nami niliilaza. Tulipofika Makambako, begi lilikuwa linanuka kama zahanati, kizibo kimelegea na nusu ya spiriti imenyonywa na mashati yangu. Basi likisubiri, nikaenda bombani nyuma ya hoteli nikajaza chupa maji hadi shingoni. Najua wasomaji wa sayansi mmekwisha shika vichwa. Kwa akili zangu za ukarani niliona nimefanya jambo la busara kabisa, kwamba wanyama wa majini nimewarudishia maji. Semina ikachukua siku tano, joto la Dar mnalijua, ndipo nikaipeleka chupa chuoni na kumwachia dada wa mapokezi.

Majibu yalikuja baada ya miezi, pamoja na michoro yake imerudishwa. Sampuli zilikuwa zimeoza, miguu na magando vimeachana na miili, na michoro peke yake haitoshi. Atume nyingine. Lakini barua ilimkuta keshapunguzwa kazi pamoja na wengine wengi, kituo kimefungwa, na hadubini imechukuliwa na gari la mkoa. Wakati huohuo ushirika wetu ulikuwa unakata roho. Wanunuzi binafsi walipanga mizani zao barabara nzima ya Litembo, na mimi nikahamia kwenye kazi hii ya kuandika. Sitasema soko huria halikuleta kitu. Madukani palijaa sabuni, redio, viatu, vitu ambavyo zamani tulivipangia foleni hadi miguu ikavimba. Vyandarua navyo vilipatikana, watu wakaviunganisha wakavifanya nyavu, wakakokota ghuba yote, mayai na majani vikatoka pamoja. Ila hakuna mfanyabiashara aliyefika kuulizia mtu anayejua kuhesabu meno ya uduvi. Ujuzi ule haukuwa na mteja, ukakaa kibarazani kwake unazeeka naye.

Nilimtembelea mara moja tu baada ya hapo. Alikuwa analima mihogo. Nilikwenda nimejiandaa kumwambia habari ya bomba la Makambako, naapa nilikuwa nimejiandaa, lakini akaniwahi. "Nilikosea mimi, karani. Nadhani ile spiriti niliizimua nikidhani nabana matumizi. Kazi ya miaka yote nimeiharibu kwa mkono wangu." Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi. Nikasema, "Inawezekana, mzee." Nikanywa chai. Madaftari yake pamoja na ile michoro aliyachoma mwaka ule ule, kwa kuwa aliona mtu asiyejua hata kuhifadhi uduvi hana haki ya kuwachora.

Wiki iliyopita niliteremka kutoa pole. Mjane wake alinipokea vizuri, akaniletea kigoda, na kabla sijasema neno akaniambia, "Afadhali umekuja, baba. Mwenzangu aliniachia maneno ya kukufikishia. Alisema nikikuona nikuombe radhi, maana alikubebesha kitu kibovu mpaka Dar, ukaaibika kwa wasomi." Nikashindwa kuvumilia. Nikamweleza yote, chupa, begi, bomba. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani, bila kulia na bila kunifokea. Kisha akaniuliza kwa upole, "Sasa hayo yote mimi nimpelekee nani?"

Nilimuaga nikashuka ufukweni. Ghuba nimeitazama, majani hayapo, na kama uduvi wale wameisha hakuna daftari la kuonyesha kwamba waliwahi kuwapo. Waliomwondoa kazini angalau walimwandikia barua wakamweleza sababu. Mimi nilimwacha mtu mwaminifu ajichukie kwa kosa langu, kwa sababu chai ilikuwa tamu na ukweli ulikuwa mchungu. Ndugu msomaji, ikiwa yuko mtu anayejilaumu kwa ulichokiharibu wewe, nenda leo ukamwambie, angali na nguvu za kukutukana. Ukichelewa, utasamehewa na mtu asiyejua anasamehe nini, na msamaha wa namna hiyo hauna mahali pa kuurudisha.